Muratina, Kazi ya Mikono Isiyo na Haraka

Jiji la Nairobi limekaa mpakani mwa udongo wa aina mbili. Mashariki na kusini, kuanzia Embakasi hadi nyanda za Athi, ardhi ni nyeusi na nzito. Kiangazi huipasua, na mvua ikinyesha hukwama viatuni. Lakini ukitoka katikati ya jiji kwa Waiyaki Way, ukaipita Westlands na kuishika njia ya Kangemi, udongo hubadilika. Kabete, Uthiru, Kinoo, Muthiga hadi mjini Kikuyu, ardhi ni nyekundu, laini, yenye kina kirefu. Ni mabaki ya miamba ya volkeno iliyomomonyoka kwa karne zisizohesabika. Maji ya mvua hupenya bila kutuama, mizizi huenda chini itakako, na mabondeni vijito havikauki upesi. Mto Nairobi wenyewe, huu uliolipa jiji jina lake, chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri, Kikuyu.

Katika mabonde hayo ndimo wakulima walimopanda nduma na miwa tangu zamani, na ni katika miwa hiyo ilikotoka pombe iitwayo muratina. Nchi nyingine hujivunia divai za familia: shamba moja, ukoo mmoja, ladha ambayo jirani huitambua akiwa amefumba macho. Vitongoji vya magharibi mwa Nairobi vina kinywaji cha daraja hilo hilo. Kwa desturi hakina chupa wala lebo, wala hakiuzwi, ila ufundi wake una kina ambacho wengi wetu tuliokulia karibu nacho hatujawahi kukitazama kwa makini.

Tuanze na miwa. Zamani kabla ya sukari ya dukani, kutengeneza pombe ya miwa kulikuwa kazi ya kijiji kizima. Miwa ilimenywa, ikakatwa vipande vifupi, kisha ikapondwa kwa michi katika vinu vya mbao. Wanawake walisimama wakilizunguka gogo moja refu lililotobolewa mashimo kadhaa, kila mmoja na shimo lake, na mapigo ya michi yakafuatana kwa wimbo. Makapi yalitiwa maji, yakakamuliwa, yakapondwa tena. Maji hayo matamu ndiyo yaliyomiminwa katika vibuyu vikubwa, ndua kwa Kikikuyu, ili yachachuke. Penye asali, asali ilichanganywa na maji ikafuata njia hiyo hiyo, na pombe yake ikahesabiwa kuwa ya heshima zaidi.

Habari hizi zimehifadhiwa vizuri kuliko tunavyodhani. Jomo Kenyatta, aliyesomea kwa wamisionari wa Kiskoti pale Thogoto, alieleza nafasi ya pombe katika posa na ibada kwenye kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Na Louis Leakey, aliyezaliwa mwaka 1903 katika misheni ya Kabete akakua akisema Kikikuyu, alikaa na wazee mwishoni mwa miaka ya 1930 akaandika walichomweleza kuhusu maisha ya Wakikuyu wa kusini kabla ya mwaka aliozaliwa. Kazi hiyo ilichapwa mwaka 1977, miaka 5 baada ya kifo chake, ikawa juzuu tatu nene. Kumbe maarifa yaliyokaa mikononi mwa wazee wa Kabete yalitosha kujaza vitabu.

Lakini miwa na asali ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili, ambayo ndiyo roho ya ufundi huu, ni tunda.

Mti wake kwa Kiswahili huitwa mwegea, au mvungunya. Wakikuyu huuita muratina, na kinywaji kikachukua jina hilo hilo. Ni mti mkubwa wenye kivuli kizito, unaopenda kingo za mito katika nchi za joto. Maua yake ni mekundu ya kukolea na hufunguka usiku, popo wakawa ndio wachavushaji wake. Kutokana na maua hayo hutoka matunda marefu, ya rangi ya kijivu, magumu, yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Moja laweza kufikia uzito wa kilo kadhaa. Baridi ya Kabete na Kikuyu, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haiupendezi sana mti huu. Ndiyo maana tangu kale tunda lilitoka nchi za chini zenye joto, kama Mbeere na Ukambani, likasafiri hadi nyanda za juu. Hivyo muratina ya Kikuyu ni kinywaji cha udongo wa aina mbili: utamu hutoka bondeni nyumbani, na chachu hutoka kwa jirani.

Tunda bichi haliliwi. Lina sumu, na hata likiiva ni haluli kali. Aliyegundua kwamba ndani ya tunda hili gumu, chungu, lisilofaa kwa chakula, mna kinachoweza kugeuza maji matamu kuwa pombe, jina lake limepotea. Ila njia aliyoiacha ipo, nayo inafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Kwanza tunda hupasuliwa kwa urefu wake na kuanikwa juani hadi likauke. Kisha huchemshwa. Maji ya kwanza hutoka meusi na machungu, yakamwagwa. Fundi huchemsha tena, akamwaga tena, mpaka uchungu umalizike. Nyama laini na mbegu huondolewa, ukabaki mwili wa nyuzi uliojaa matundu madogo madogo. Huanikwa tena. Likishakauka barabara, hutiwa katika maji matamu kidogo, ya miwa au ya asali, na kuwekwa mahali penye joto. Kesho yake hutolewa na kurudishwa juani. Pengine hurudiwa mara nyingi kabla fundi hajaridhika. Hapo tunda halina tena harufu yake ya mwituni. Lina harufu nyingine, ya uchachu mtamu, na ukilipindua mkononi ni jepesi kwa namna isiyotarajiwa.

Kinachotokea humo sayansi imekieleza. Katika nyuzi hizo hukaa chachu, aina ile ile inayochachua divai na mkate duniani kote, pamoja na bakteria wa uchachu wanaofanana na wale wa maziwa lala. Kila mara tunda linapolishwa utamu, chachu huongezeka. Kila mara linapokaushwa, vijidudu dhaifu hufa na wale wavumilivu hubaki. Kulisha na kukausha, kulisha na kukausha: fundi anachagua mbegu bora bila kuziona, kama mama anayebakiza uji uliochachuka chunguni ili uanzishe uji wa kesho. Akimaliza kutengeneza pombe, miratina, yaani matunda hayo yaliyotayarishwa, hutolewa, huanikwa tena na kuwekwa mahali pakavu. Safari ijayo yatatumika yale yale. Tunda lililotunzwa huanzisha pombe nyingi, na kadiri linavyotumika ndivyo linavyozidi kuifahamu kazi.

Hapa ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Watu wa divai hupenda kueleza kwamba kila shamba la mizabibu lina chachu zake, zinazoishi kwenye maganda ya zabibu na kwenye kuta za ghala. Fundi wa muratina yeye ameibeba chachu ya nyumba yake mkobani. Miratina ya boma moja si sawa na ya boma la pili, hata kama yalichumwa mti mmoja, kwa sababu yamelishwa asali tofauti, yameanikwa kwenye uwanja tofauti na kukaa kwenye moshi wa jiko tofauti. Ladha ya nyumba hujengwa polepole, pombe baada ya pombe, na hurithiwa.

Siku ya kutengeneza, fundi huanza na maji. Mafundi wengi hupenda maji ya mvua au ya kisima, maana dawa ya maji ya bomba ikiwa kali huwadhuru wale vijidudu aliowalea. Maji hupashwa moto kidogo, yawe vuguvugu tu. Asali humiminwa huku ikikorogwa mpaka iyeyuke. Asali yenyewe, ikiwa safi, haichachuki, kwa kuwa maji yake ni machache mno. Ni maji yaongezwayo ndiyo huiamsha. Kiasi gani? Fundi haangalii kipimo cha dukani. Anaonja. Utamu ukiwa mdogo pombe itatoka nyepesi na kuharibika upesi. Ukizidi, chachu italemewa na pombe itabaki na utamu mzito unaokinaisha. Siku hizi, miwa ikiwa imepungua mabondeni na asali ikiwa ghali, wengi huongeza sukari au sukari nguru. Si kosa, mradi asali isikosekane. Ila anayejua huonja tofauti mara moja: sukari hutoa ukali, asali hutoa harufu ya maua.

Na maua hayo yana mahali pake. Nyuki wa nyanda za Kabete hutembelea mikinduri, parachichi, kahawa, na mibariti iliyopandwa mipakani mwa mashamba, asali yao ikawa ya rangi iliyoiva na yenye ladha nzito. Asali ya Ukambani au Baringo, nchi za miti ya miiba, mara nyingi huwa nyeupe zaidi na laini. Fundi anayejali huuliza asali imetoka wapi kabla ya kuuliza bei.

Kisha miratina hutiwa, nayo huelea. Chombo hufunikwa bila kuzibwa kabisa, ili hewa inayozalishwa ipate njia. Sasa kazi ni joto. Chachu hupenda joto la mchana mzuri wa Januari, lakini Kikuyu mwezi wa Julai usiku ni wa baridi kali, na ukungu hushuka mpaka mlangoni. Kwa hiyo ndua huwekwa jikoni karibu na mafiga, au mtungi huvishwa blanketi. Fundi huamka usiku kuutazama moto. Joto likipungua, chachu hulala na kazi husimama. Likizidi, pombe huchemka kwa haraka na kupoteza harufu. Kati ya siku moja na nne, kutegemea hali ya hewa na utamu, kazi huisha.

Atajuaje? Kwanza kwa sikio. Akiinama juu ya chombo husikia mchemko mdogo usiokoma, ambao huanza hafifu, ukakua, kisha ukapungua. Pili kwa pua: utamu wa asali hurudi nyuma na uchachu kuja mbele. Tatu kwa macho: povu zito la mwanzo huwa jepesi. Mwisho kwa ulimi. Muratina iliyofika ni ya rangi ya manjano yenye ukungu, chachu kidogo, tamu kidogo, yenye uchungu wa mbali sana unaokumbusha tunda. Huchujwa, na inafaa inywewe siku hiyo au ya pili, kwa sababu chachu haijafa na haitangoja. Wanaosema divai njema ni ile inayokaa miaka ghalani wana haki yao. Muratina huweka uvumilivu wake kwenye miezi ya kulilea tunda, ili kinywaji chenyewe kiishi siku chache tu, siku zile zile zilizokusudiwa.

Siku zilizokusudiwa ni jambo la msingi. Kwa desturi, njohi, yaani pombe, haikutengenezwa kwa ajili ya kiu, bali kwa ajili ya shughuli: ruracio (utoaji wa mahari), sadaka, upatanisho, mapokezi ya rika jipya la wazee. Katika posa, pombe ya kwanza ya kuomba mchumba haikunywewa kabla ya binti mwenyewe kuitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama inywewe na familia au imwagwe. Akikubali, pembe ya ng'ombe hujazwa. Akikataa, wageni huondoka na ndua yao. Mzee mkubwa humwaga matone machache ardhini kwa ajili ya ngoma, yaani roho za waliotangulia, kabla hajagusa pembe kwa midomo. Vijana hawakuruhusiwa kunywa. Unywaji ulikuwa wa umri uliokwisha kulea na kujenga. Masharti haya ni sehemu ya ufundi sawasawa na kuanika tunda. Kinywaji kilijua kitanywewa na nani, lini, na kwa sababu gani.

Mambo yaliubana utaratibu huo. Wamisionari waliofika Kikuyu mwaka 1898, na baadaye mwamko wa kidini wa katikati ya karne ya ishirini, waliwafundisha waumini kuiacha pombe. Ndiyo sababu katika ruracio nyingi za leo wageni hupokelewa kwa uji uliochachuka, nao ni utamaduni wa heshima kamili. Katikati ya jiji mambo yalikwenda kivingine. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijitwalia haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe katika ukumbi wake wa Pumwani, na mapato yakaingia hazina ya mji. Pombe ya nyumbani ikawa kosa, pombe ya ukumbini ikawa halali. Kinywaji kilichokuwa na wenyewe na siku zake kiligeuzwa kitu cha kuuzwa kila jioni kwa yeyote mwenye senti.

Matunda ya kutenganisha pombe na wenyewe tuliyavuna kwa machozi. Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilikuja kutokana na misiba ya namna hiyo, na siwezi kuilaumu kwa kutaka kila kinachouzwa kipimwe. Ila naomba tusiiweke muratina ya asali katika kapu moja na kinywaji kile. Kile kimepikwa gizani na mtu asiyetaka kujulikana, kiuzwe haraka. Hiki cha asali kimetengenezwa na mzee anayejulikana na kila mlango, kwa ajili ya wakwe zake, na ataketi akinywe yeye mwenyewe kwanza mbele yao.

Zabibu nazo zilijaribu bahati. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, watu wa nchi ya mizabibu, walijenga misheni ya St. Austin's mwaka 1899 pale tunapopaita Lavington. Zao lililowapa sifa pale lilikuwa kahawa. Mzabibu unataka majira ya baridi ya kulala, na Nairobi haina. Badala yake ina misimu miwili ya mvua inayoleta ukungu wa majani. Dodoma, penye ukavu, mizabibu iliyoletwa na wamisionari katika miaka ya 1950 hustawi na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Na Richard Leakey, aliyefariki Januari 2022, mwana wa yule Louis wa Kabete, alipanda Pinot Noir ukingoni mwa Bonde la Ufa upande wa Ngong, akatengeneza divai yake kwa ukaidi wa kusifika. Baba aliandika habari za pombe ya asali, mwana akahangaika na zabibu. Naiheshimu kazi ya mwana. Hata hivyo najiuliza kwa nini divai ya kigeni ikilimwa hapa hupewa makala na picha, na ile iliyoota hapa hapa hupewa aibu.

Waethiopia hawakuwa na aibu hiyo. Tej yao ni asali, maji na majani ya gesho, ndugu wa karibu wa muratina, na leo hunywewa katika mikahawa ya Waethiopia mjini Nairobi kama ilivyo Addis Ababa, ikiletwa kwa fahari katika chupa ya shingo nyembamba. Hakuna anayeiita pombe haramu. Tofauti kati ya tej na muratina haimo katika ufundi. Imo katika namna watu walivyosimama nyuma ya kilicho chao.

Muratina haihitaji kiwanda ili iheshimiwe. Inahitaji mambo matatu tu. La kwanza ni mti: mwegea ukikatwa kwenye kingo za mito ya Mbeere na Ukambani kwa ajili ya makaa, hakuna tunda, na bila tunda hakuna chachu. La pili ni asali halisi, jambo linalomaanisha miti ya maua ibaki hata pale mashamba ya Kinoo na Uthiru yanapogeuka kuwa nyumba za kupanga. La tatu ni mikono iliyofundishwa, na hii ndiyo inayopungua kwa kasi zaidi, kwa sababu ufundi huu haufundishiki kwa maandishi peke yake. Vitabu vya Kenyatta na Leakey vinaeleza desturi, lakini haviwezi kumfundisha mtu kusikiliza mchemko.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kama nyumbani kwenu kuna guka, yaani babu, anayejua kazi hii, usingoje siku ya ruracio ndipo umwone akiwa na haraka. Nenda mapema. Mwombe akuonyeshe jinsi tunda linavyochemshwa na kuanikwa, uonje maji ya asali kabla na baada, uandike anachosema na umpige picha mikono yake ikifanya kazi. Si lazima uwe mnywaji. Cucu wengi, yaani nyanya zetu, walioponda miwa hawakuwahi kuonja. Akikupa tunda moja kavu lililotumika, lipokee kwa mikono miwili na ulitunze mahali pakavu, kwa maana hilo ndilo shamba la mizabibu la ukoo wenu.